Frank Woolworth na duka la senti tano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye maduka ya bei moja

Maswali haya huulizwa zaidi na wenye maduka ya "kila kitu 50" na "kila kitu 100" mijini Nakuru, Kisumu, Kakamega na Kitale, na wale wanaopanga kufungua. Sehemu mbili za kwanza zinamhusu Mmarekani aliyeugeuza mtindo huo kuwa kampuni kubwa. Ya tatu inaleta hesabu zake huku kwetu, na ya mwisho ina maswali ya pembeni.

## Mtu mwenyewe

1. Frank Woolworth alikuwa nani?

Frank Winfield Woolworth alizaliwa tarehe 13 Aprili 1852 katika shamba huko Rodman, jimbo la New York. Alifungua duka lake la kwanza mwaka wa 1879 na kufariki tarehe 8 Aprili 1919, akiacha maduka zaidi ya 1,000 Marekani, Kanada na Uingereza. Maduka hayo yaliuza vijiko, vitana, nyuzi, vinyago, peremende na vyombo vya jikoni kwa senti tano au kumi, bila kupatana bei.

2. Ni kweli alifanya kazi bila mshahara?

Ni kweli. Mwaka wa 1873, karibu kutimiza miaka 21, aliingia duka la Augsbury & Moore mjini Watertown. Miezi mitatu ya kwanza hakulipwa chochote, kisha akapewa dola 3.50 kwa wiki. Hakuwa muuzaji mzuri. Mteja akimsimamia alitetemeka, na mwajiri mwingine baadaye alimpunguzia mshahara kwa sababu hiyo. Alichokiweza ni kupanga bidhaa dirishani.

Udhaifu huo ndio ufunguo wa maisha yake yote. Duka ambalo bei imeandikwa na bidhaa imewekwa wazi halihitaji muuzaji mwenye mdomo mtamu. Mteja anaona, anashika, analipa.

3. Alipata wapi mtaji?

Hakwenda benki. Mwajiri wake wa zamani, William Moore, alimpa bidhaa za zaidi kidogo ya dola 300 kwa mkopo. Moore alikubali kwa sababu alimfahamu kwa miaka, na kwa sababu bidhaa zenyewe zilikuwa zimekaa kwake bila kununuliwa haraka.

Hapa Kenya mkopo wa namna hiyo upo: mwenye stoo ya jumla anakupa mzigo, unalipa baada ya wiki mbili au mwezi. Ni nafuu kuliko mkopo wa simu, lakini una mtego mmoja. Anayekukopesha ndiye anayekuchagulia bidhaa, na mara nyingi atakupa zile zilizomkwama. Andika orodha yako kwanza, ndipo uombe mkopo.

4. Duka la kwanza lilifungwa kwa nini?

Lilifunguliwa Utica tarehe 22 Februari 1879. Wiki za mwanzo watu walijaa, kisha mauzo yakashuka na kabla ya katikati ya mwaka likafungwa. Sababu mbili hutajwa. Duka halikuwa kwenye njia kuu ya watu, na aina za bidhaa za senti tano zilikuwa chache, kwa hiyo mteja aliyekuja mara moja hakuona jipya aliporudi.

Tarehe 21 Juni mwaka huohuo alifungua Lancaster, Pennsylvania, penye wakulima wengi wanaojua kubana pesa. Siku ya kwanza aliuza dola 127.65. Kwa senti tano kila kimoja, hivyo ni vitu 2,553. Kumbuka namba hiyo ukifika swali la 10.

Wanaosimulia habari zake huruka kinachofuata: maduka ya Harrisburg na York nayo yalifungwa. Lancaster lilidumu, na Scranton, alilolifungua 1880 na mdogo wake Charles Sumner, likadumu. Katika matano ya mwanzo, matatu yalikufa.

## Jinsi mfumo ulivyofanya kazi

5. Wazo la senti tano lilikuwa lake?

Hapana. Meza za vitu vya senti tano zilikuwepo tayari, na ile aliyoisimamia mwenyewe mwaka wa 1878 iliwekwa na Moore ili kuondoa mali iliyokwama. Mali hiyo ikaisha upesi. Woolworth aliona kwamba kilichovuta watu ni kile kibandiko cha bei, wala si mabaki, kwa hiyo akajenga duka zima juu yake.

6. Mbona baadaye akaongeza senti kumi?

Kwa sababu vitu vya kuuza kwa senti tano na bado upate faida viliisha mapema. Alipoongeza rafu ya senti kumi, orodha ya bidhaa ilipanuka mara nyingi. Baada ya hapo alishikilia mpaka huo hadi kufa kwake. Kampuni iliongeza senti 20 mwaka wa 1932, na 1935 ikaondoa kikomo kabisa.

Alikuwa pia na ujanja: bidhaa ghali aliigawa. Sufuria senti kumi, kifuniko senti kumi. Maduka yetu hufanya vivyo hivyo na chupa na mfuniko wake, na hakuna ubaya mteja akielezwa kabla ya kufika kwa keshia.

7. Alipataje faida kwa bei ndogo hivyo?

Wengi hudhani siri ni kuuza rahisi. Siri ilikuwa kwenye kununua. Mfanyabiashara wa kawaida hununua kitu, anaongeza faida, anapata bei. Woolworth alianza na bei, akatoa faida anayoitaka, na kilichobaki ndicho alichokuwa tayari kulipa. Kitu kisipoingia humo, hakiingii dukani, hata kiwe kizuri namna gani. Nidhamu hii ni ngumu kuliko inavyosikika, maana kila wiki kuna muuzaji wa jumla mwenye kitu cha kuvutia kinachozidi kwa shilingi tatu tu.

Baada ya hapo alikata watu wa kati. Mwaka wa 1886 alihamisha ofisi New York, karibu na waagizaji. Mwaka wa 1890 alivuka bahari mwenyewe kununua Ulaya: mapambo ya kioo ya Krismasi kutoka Lauscha na wanasesere kutoka Sonneberg, Ujerumani. Alienda kwenye nyumba ambamo familia zilitengeneza vitu hivyo kwa mikono na kuagiza kwa wingi uliowapa kazi ya msimu mzima. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoikata njia hiyo, wanunuzi wake walilazimika kutafuta viwanda vya nyumbani.

Jambo la tatu ni pesa taslimu. Dukani hapakuwa na daftari la madeni. Faida ya senti moja haiwezi kubeba mteja asiyelipa.

8. Aliwezaje kufungua maduka mengi hivyo?

Kwa washirika kwanza, si kwa mameneja wa kuajiriwa. Aliweka ndugu, binamu na marafiki waliowahi kufanya kazi naye: Charles Sumner Woolworth, Seymour Knox, Fred Kirby, Earle Charlton. Kila mmoja alileta sehemu ya mtaji, akaishi penye duka na kula faida yake. Waliagiza bidhaa pamoja bila kugombea miji. Mwaka wa 1912 minyororo hiyo ya maduka, pamoja na maduka ya Moore aliyemkopesha, iliunganishwa kuwa kampuni moja ya maduka karibu 600 yenye mtaji wa dola milioni 65.

9. Wafanyakazi walilipwaje?

Vibaya, na hakuficha. Aliwaandikia mameneja wake kwamba bila vibarua wa bei nafuu haiwezekani kuuza bidhaa za bei nafuu. Wengi walikuwa wasichana wa kaunta. Mwaka wa 1899, msimu wa Krismasi, alianza kutoa bahashishi ya dola 5 kwa kila mwaka wa kazi, isiyozidi dola 25. Lengo lilikuwa wasiondoke wala kugoma wakati wa mauzo makubwa. Mwaka wa 1937 wafanyakazi wa kike wa duka la Detroit waliketi ndani na kugoma, wakashinda nyongeza ya mshahara.

Kwetu kuna kima cha chini cha mshahara kinachotofautiana kati ya miji mikubwa na miji midogo, pamoja na makato ya NSSF (akiba ya uzeeni), SHA (bima ya afya) na ada ya nyumba. Duka ambalo hesabu yake inakubali tu ukilipa chini ya hapo halina hesabu.

## Kuuleta mfumo huku kwetu

10. Duka la "kila kitu 50" linahitaji kuuza vitu vingapi kwa siku?

Tuchukue mfano wa vikombe vya plastiki vinavyopelekwa Kisumu kutoka Kamukunji, soko la jumla la Nairobi. Badilisha namba ziwe zako, ila usiruke mstari wowote.

Katoni ina vikombe 72, kila kimoja shilingi 32: shilingi 2,304. Usafirishaji wa katoni ni 150. Jumla 2,454. Vitatu vinafika vimepasuka, kwa hiyo unagawanya kwa 69, si 72. Kila kikombe kinachouzika kimekugharimu 35.57. Ukiuza 50, inabaki 14.43. Toa ushuru wa mauzo wa 3% (swali la 13), yaani 1.50. Mkononi 12.93.

Gharama za mwezi: kodi ya duka 45,000, wafanyakazi wawili 36,000, stima, mlinzi na kibali cha kaunti 9,000. Jumla 90,000. Kwa siku 26 za kazi ni 3,462 kwa siku. Gawanya kwa 12.93: vitu 268 kila siku, na hapo mwenye duka bado hajala.

Sasa muuzaji wa jumla apandishe kikombe kutoka 32 hadi 36. Gharama inakuwa 39.74, mkononi inabaki 8.76, na vitu vya kuuza vinaruka hadi 395 kwa siku. Shilingi nne tu zimekuongezea karibu nusu ya kazi. Wanaofunga duka baada ya miezi sita hawajui walipokosea, kwa sababu mlango ulikuwa umejaa watu hadi siku ya mwisho.

11. Bidhaa zipi zinafaa na zipi ziepukwe?

Kinachofaa ni kitu kidogo, kisichovunjika, kisicho na tarehe ya kuharibika, na ambacho mteja hakumbuki bei yake kamili kwingine. Vibanio vya nguo, vitana, vichujio vya chai, kamba ya kuanikia, brashi za viatu, kufuli ndogo, vijiko, vioo vya mkononi, soksi za watoto, steelwool. Kabla ya shule kufunguliwa, ongeza sahani, vikombe, kufuli za masanduku na rula.

Glasi huvunjika njiani hata zikifungwa vizuri. Betri za bei ya chini huvuja zikikaa rafuni. Balbu hurudishwa. Soketi na ekstensheni ndizo hatari zaidi: waya mwembamba hupata moto, na bidhaa ya kutoka nje isiyo na stika ya KEBS, shirika la viwango, inaweza kuchukuliwa pamoja na faini. Vinyago vya watoto wachanga vyenye vipande vinavyong'oka, viache.

Sukari, unga na mafuta usiviguse. Supamaketi iliyo ng'ambo ya barabara inaviuza kwa faida ya shilingi chache ili ivute watu, nawe huwezi kushindana nayo hapo.

12. Shilingi ikishuka nifanye nini? Bei iko kwenye bango.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote. Bidhaa nyingi hizi hutoka China, na mwagizaji hulipa kwa dola. Mapema 2024 dola ilizidi shilingi 160, kisha ikashuka hadi karibu 129 katikati ya mwaka huohuo. Duka la bei moja haliwezi kupanda na kushuka nayo, kwa hiyo kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kupunguza kilichomo: vibanio 10 badala ya 12 kwenye pakiti. Mteja huona, hasa mama anayenunua kila mwezi. Fanya hivyo kwa bidhaa chache, na uandike idadi wazi.

Ya pili ni kubadilisha bidhaa. Kilichozidi bei kinatoka rafuni, kinaingia kingine. Ndivyo Woolworth alivyofanya, na kwa wengi ndiyo bora. Inataka uwe na angalau wauzaji wa jumla watatu na uende kuangalia mwenyewe.

Ya tatu ni kuongeza rafu ya pili, kwa mfano 50 na 100, kila moja na upande wake na rangi yake. Usichanganye rafu moja. Mteja akifika kwa keshia na vitu vinne akidhani ni 200, akaambiwa 300, anaviacha vyote na harudi.

Kupandisha bango zima kutoka 50 hadi 60 ni njia ya mwisho. Chenji yenyewe itakusumbua, ijapokuwa Lipa na M-Pesa imepunguza tatizo hilo.

13. Ushuru je?

Mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka huangukia ushuru wa mauzo, 3% tangu Julai 2023. Unatozwa kwenye mauzo, si faida. Kwa duka la faida nyembamba hilo ni zito: katika mfano wa swali la 10, shilingi 1.50 ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya 14.43.

Vitu 268 kwa siku ni mauzo ya takriban milioni 4.2 kwa mwaka. Vitu 395 ni milioni 6.2, na hapo umevuka milioni 5, kiwango cha kujisajili kwa VAT ya 16%. Bei ikiwa ileile 50, shilingi 6.90 ndani yake ni ya KRA, mamlaka ya ushuru. Utaidai nafuu ya VAT uliyolipa kwenye manunuzi ikiwa tu aliyekuuzia alikupa risiti ya eTIMS, mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki. Ukinunua kwa mtu asiyetoa risiti hiyo, bei yake rahisi si rahisi.

14. Duka liwe wapi?

Mahali watu wanapita kwa miguu wakiwa na pesa ndogo mkononi: kati ya steji na soko, si ghorofani, si ndani ya kichochoro. Kisumu, Jumapili ya Kibuye ina watu wengi mno, lakini nje ya siku ya soko usitarajie idadi ileile, na kodi hulipwa kwa siku zote. Nakuru, tofauti ya kodi kati ya Kenyatta Avenue na barabara ya nyuma yake ni kubwa. Tofauti ya wapita njia ni kubwa zaidi.

Kabla ya kulipa gudwili (pesa za kuachiwa nafasi ya duka), simama hapo Jumatano na Jumamosi, saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku, katikati ya mwezi na mwisho wa mwezi. Usihesabu wanaopita. Hesabu wanaotoka duka la jirani na mfuko.

15. Nifungue duka la pili lini?

La kwanza likiweza kukaa mwezi mzima bila wewe na hesabu ya stoki ilingane. Hesabu stoki kila wiki kwa kategoria tano, zikizunguka, badala ya kusubiri mwisho wa mwaka. Pengo likizidi 2% ya mauzo, tafuta chanzo, ukianza na katoni zilizopokelewa bila kuhesabiwa kabla ya kuwashuku wateja. Meneja wa duka la pili apewe sehemu ya faida. Sababu iko swali la 8.

## Maswali ya pembeni

16. Maduka makubwa yaliyoanzia Nakuru yalifuata mfumo huu?

Si wa bei moja. Jina Nakumatt latokana na Nakuru Mattress, Tuskys ilikuwa Tusker Mattresses, na Naivas ilianzia Rongai, kaunti ya Nakuru, mwaka wa 1990. Zote zilikwenda njia ya duka la kujichagulia lenye kila kitu. Panapofanana ni kwenye mali ya mkopo: Nakumatt, iliyowekwa chini ya msimamizi Januari 2018, ilikuwa imejaza rafu kwa mali ya wauzaji ambao hawajalipwa. Woolworth alianza kwa mkopo wa mali, lakini alitoka humo mapema.

17. Lile jengo refu la New York ni lake?

Ndiyo. Woolworth Building lilifunguliwa tarehe 24 Aprili 1913, mita 241, refu kuliko majengo yote duniani hadi 1930. Liligharimu dola milioni 13.5, na alilipa taslimu. Ukumbini kuna sanamu ndogo yake akihesabu sarafu.

18. Ni kweli jino lilimuua?

Alikuwa na ugonjwa wa meno aliokataa kutibiwa, akapata maambukizi, akafa siku tano kabla ya kutimiza miaka 67. Wosia mpya haukuwa umetiwa sahihi. Ulitumika ule wa 1889 uliompa mkewe Jennie kila kitu, ilhali wakati huo Jennie alikuwa amepoteza kumbukumbu na hakuweza kusimamia mali. Familia nyingi zenye biashara huku kwetu zina wosia wa miaka mingi au hazina kabisa. Kuurekebisha kila duka jipya linapofunguliwa ni kazi ya asubuhi moja kwa wakili.

19. Kampuni iliishia wapi?

Tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne Weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula ya Woolworth mjini Greensboro, North Carolina, iliyohudumia Wazungu pekee. Maandamano yakaenea, na Julai kaunta ikafunguliwa kwa wote. Maduka ya bei nafuu nje ya miji yaliendelea kuwavuta wateja, na mwaka wa 1997 kampuni ilitangaza kufunga yaliyosalia Marekani. Kampuni yenyewe haikufa: iligeuka kuwa Foot Locker, wauza viatu vya michezo, iliyonunuliwa na Dick's Sporting Goods mwaka wa 2025. Maduka ya Uingereza, yaliyoanzia Liverpool mwaka wa 1909, yalikuwa mikononi mwa wengine tangu 1982 na yalifungwa Januari 2009.

20. Woolworths ya Nairobi ni yake? Naweza kutumia jina hilo Nakuru?

Si yake. Hiyo ni ya Afrika Kusini, iliyoanzishwa Cape Town mwaka wa 1931. Ya Australia, ya 1924, nayo ni tofauti. Zote zililichukua jina kwa sababu lilikuwa maarufu na kampuni yake haikuwa imelisajili huko.

Wewe usijaribu. Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen, na linalofanana na lililopo hukataliwa. Hata likipita, mwenye alama ya biashara iliyosajiliwa anaweza kukulazimisha ubadilishe bango, mifuko na stempu. Tafuta jina lako eCitizen kwanza, kisha ulitafute kwenye rejista ya alama za biashara ya KIPI, taasisi ya serikali inayozisajili, ndipo uagize bango.